Tansio ya wazee wa Kazi

Ukienda kwenye kilio Lubumbashi, Kongo, iwe mtaa wa Kenya au wa Katuba, na marehemu awe mzee wa kampuni ya madini ya Gécamines, uliza amekufa na nini. Utajibiwa: mawazo. Mwingine atasema tansio, yaani shinikizo la juu la damu. Kwa wengi ni ugonjwa mmoja.

Kampuni hiyo watu waliiita Kazi tu, kana kwamba hakuna kazi nyingine duniani. Ilitoa nyumba, shule, hospitali na posho ya unga. Mwaka 2003, baada ya miezi mingi bila mshahara, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia, ukaitwa wa hiari. Hiari gani ya mtu mwenye njaa? Mwaka 2001 mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu alikuwa ameshatoa kitabu ambacho jina lake linawaita watu hao watoto walioachwa na baba yao.

Je, waombolezaji wanasema kweli? Nusu. Utafiti wa INTERHEART, uliotolewa mwaka 2004 baada ya kufanyika katika nchi 52, Afrika ikiwemo, ulihusisha msongo na huzuni na karibu theluthi moja ya mishtuko ya kwanza ya moyo. Hasira ikipanda, adrenalini humwagika, mishipa hubana, moyo hukimbia, damu nayo huganda upesi. Ikipita, mwili hutulia. Lakini mzee anayeamka saa tisa usiku kila siku akihesabu deni la karo hatulii, na mchana mawazo yaleyale humpeleka kwenye sigara na pombe kali ya lutuku.

Nusu ya pili, ya kudhani tansio ni mawazo tu, ndiyo inayoua kimya kimya. Nilimwona mzee mmoja akifungwa kitambaa cha kupimia mkononi. Muuguzi akapuliza, akasikiliza, akasema: "Papa, ni 18 kwa 11." Ni juu sana, lakini mzee akacheka. Asubuhi alikuwa amegombana na mwanawe, basi ni hasira tu, itashuka. Akashusha mkono wa shati, akaondoka bila vidonge. Kumbe tansio ya miaka mara nyingi haiumi wala haimsumbui mtu, na ugomvi ukiisha yenyewe inabaki, ikiendelea kuchakaza mishipa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mpeleke mzee wako apimwe wiki hii. Akiandikiwa vidonge, hakikisha anavimeza hata siku aliyoamka akicheka.