Amepona Saratani, Moyo Wake Je?

Neno "kupona" lina maana mbili: kuondokewa na ugonjwa, na kunusurika. Mtoto aliyetibiwa saratani amepona kwa maana zote mbili, tunamshukuru Mungu. Hata hivyo, tiba iliyomwokoa huweza kuacha madhara yanayojitokeza miaka kumi, ishirini au zaidi baadaye, hasa kwenye moyo.

Tuchukue mfano wa doksorubisini, dawa nyekundu inayotolewa kwa dripu. Huua seli za saratani, lakini hudhuru pia seli za misuli ya moyo, ambazo mwili hauwezi kuziba pengo lake kwa urahisi. Kadiri jumla ya dozi inavyokuwa kubwa, hatari huongezeka. Mionzi ya kifuani nayo huathiri mishipa na vali za moyo. Mionzi ya kichwani huweza kuvuruga homoni za ukuaji na kuchangia unene. Ya tumboni, ikigusa kongosho, huweza kuleta kisukari. Mtoto aliyeondolewa figo moja kwa sababu ya uvimbe wa Wilms anaweza baadaye kupata shinikizo la damu.

Huko Marekani na Kanada, utafiti ulioanza mwaka 1994 umefuatilia maelfu ya watu waliotibiwa utotoni na kuwalinganisha na ndugu zao wa kuzaliwa. Matokeo ya mwaka 2006 yalionyesha kuwa hatari ya moyo kushindwa kufanya kazi ilikuwa karibu mara 15 ya ile ya ndugu hao. Si kwamba wengi wao waliugua moyo, la. Lakini tofauti ni kubwa mno kupuuzwa.

Utafiti huohuo ulionyesha jambo lenye matumaini. Dozi iliyokwisha kutolewa hairudishwi, lakini shinikizo la damu, ambalo huzidisha sana hatari hiyo, linapimika na linatibika. Vivyo hivyo sukari, lehemu, uzito na sigara ni mambo yanayoweza kushughulikiwa.

Basi, tufanye nini? Kwanza, familia itunze maandishi ya matibabu: dawa gani, dozi kiasi gani, mionzi sehemu gani. Pili, moyo upimwe kwa eko hata kama mtu hajisikii vibaya: wenye hatari kubwa kila baada ya miaka 2, wenye hatari ya wastani kila baada ya miaka 5. Tatu, mwanamke aliyepata dawa hizo amweleze daktari mapema anapotarajia mimba, kwani ujauzito huuongezea moyo kazi.

Shirika la Afya Duniani limekusudia kwamba ifikapo 2030, angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani wapone. Wengi zaidi watarudi shuleni na kuwa watu wazima. Kama yupo mmoja katika jumuiya yako, mwulize leo: karatasi zako za matibabu ziko wapi, na mara ya mwisho ulipimwa presha lini?