Rangi za Waya na Unasibu wa Ishara: Kubadilisha Taa Kuukuu za Reli Nyumbani

Wahenga walinena kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Hata hivyo, kwa mtu aliyepanda ngazi ili kung'oa taa kuukuu darini, macho pekee hayatoshi. Makala haya yananuia kueleza namna ya kubadilisha taa za reli, yaani taa kadhaa zilizopachikwa kwenye ukanda mmoja wa chuma unaozigawia umeme, na kubainisha kwa nini rangi ya waya si jambo la kuaminiwa kwa uhai wa mtu.

Kila mwanafunzi wa isimu hufunzwa mapema kwamba lugha ni mfumo wa sauti za nasibu. Hakuna uhusiano wa kimaumbile baina ya neno na kirejelewa chake. Kuna makubaliano ya jamii tu. Rangi za waya ni ishara za aina hiyo hiyo. Kenya ilirithi utaratibu wa Uingereza, ambapo waya hai ulikuwa mwekundu na waya wa nyutro mweusi. Uingereza iliruhusu rangi mpya mwaka wa 2004 na kuzifanya za lazima mwaka wa 2006: kahawia kwa waya hai na samawati kwa nyutro. Waya wa ardhi ulibakia wa kijani na manjano.

Tatizo halikomei hapo. Katika umeme wa fezi tatu, samawati ilikuwa rangi ya waya hai katika utaratibu wa kale, na nyeusi ni ya waya hai katika utaratibu mpya. Kwa hivyo, rangi moja huwa na maana mbili zinazokinzana. Nyumba iliyojengwa zamani na kuongezwa vyumba baadaye yamkini inazungumza lugha zote mbili chini ya paa moja. Katika sentensi, utata huondolewa na muktadha. Darini, huondolewa na kipimo.

Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi, kwani aghalabu waya mwingine hai hupitia hapo hapo darini kuelekea taa nyingine. Sharti umeme wa saketi nzima ukatwe kwenye kisanduku cha fyuzi, na watu wa nyumbani waarifiwe ili asije mtu akauwasha. Kisha kipima volti chenye ncha mbili kijaribiwe kwenye soketi inayojulikana kuwa na umeme, nyaya za darini zipimwe, na kipimo kijaribiwe tena kwenye soketi ile. Bila hatua ya mwisho, haiwezi kujulikana iwapo nyaya zimekufa au ni kipimo kilichokufa. Testa ya bisibisi isitegemewe kwa kazi hii, maana huweza kutowaka ilhali volti 240 zipo.

Reli ya chuma lazima iunganishwe na waya wa ardhi. Ikiwa nyumba kuukuu haina waya huo darini, kazi isimame hadi utandazwe. Vilevile, taa za mtengenezaji mmoja mara nyingi hazioani na reli ya mwingine, na baadhi hutumia volti 12 kupitia transfoma. Balbu mpya sharti ilingane na volti hizo. Faida ipo: balbu sita za halojeni za wati 50 hula wati 300, ilhali za LED zenye mwanga unaokaribiana hazifiki 50 kwa jumla.

Kisheria, mwenye nyumba aweza kubadilisha balbu, lakini kazi ya nyaya ni ya fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, iliyoundwa chini ya Sheria ya Kawi ya 2019. Kumwomba fundi aonyeshe leseni si utovu wa adabu. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuufasiri waya kwa rangi yake, kisha kuushika.