Kiti Mwendo Mlangoni mwa Daladala

Mlango wa daladala aina ya Coaster una ngazi, na upana wake ni wa mtu mmoja kupita. Abiria anayetumia kiti mwendo haingii humo bila kubebwa: konda anamshika kwapani, msamaria anadaka miguu, kiti kinakunjwa na kusukumiwa karibu na boneti. Kisha inakuja kauli: "Na hicho kiti kina nauli yake." Abiria analipa, maana gari limeshang'oka na watu wote wanamtazama.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Ibara ya 9 ya mkataba inautaja usafiri waziwazi, wa mijini na wa vijijini, na inaitaka Serikali ihakikishe kwamba hata watoa huduma binafsi wanawazingatia watu wenye ulemavu. Kwa hiyo utetezi wa "gari ni mali yangu" hauna nguvu. Ibara ya 2 inakwenda mbali zaidi: kumnyima mtu marekebisho yanayowezekana, yasiyomtwisha mtoa huduma mzigo kupita kiasi, ni ubaguzi. Kiti mwendo ni miguu ya abiria, si gunia la mkaa. Nauli za daladala hupangwa na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini. Konda hana mamlaka ya kujitungia nyingine.

Kenya wameliweka jambo hili kwenye Katiba yao ya 2010. Ibara ya 54 inataja usafiri wa umma, na pia haki ya mtu mwenye ulemavu kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Hiyo ya pili ningependa ibandikwe kwenye kila kioo cha daladala. Hata hivyo, ngazi za matatu za Nairobi hazijapungua kwa sababu ya Katiba.

Kikwazo kikubwa ni hesabu. Dereva na konda wanadaiwa na tajiri, yaani mwenye gari, kiasi maalumu kila jioni, na chao ni kinachobaki. Dakika tatu za kumpandisha mtu mmoja ni dakika ambazo gari la nyuma linawapita na kuzoa abiria wa kituo kinachofuata. Wanafunzi wanalijua hili vizuri: nauli yao nafuu imepangwa na mamlaka, lakini asubuhi bado wanakimbizana na magari yasiyotaka kusimama. Sheria inayomwachia konda gharama yote itakwepwa na konda.

Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza Dar es Salaam mwaka 2016, yalilikabili tatizo hili kwa ujenzi: sakafu ya kituo imeinuliwa ilingane na ya basi, kwa hiyo kiti mwendo kinaweza kuingia bila mtu kubebwa. Saa ya msongamano ni habari nyingine. Na si kila ulemavu unafaidika sawa. Asiyeona, kwenye daladala, huongozwa na sauti ya konda anayetaja ruti na vituo; ndani ya basi lisilo na konda, kipaza sauti kikiwa kimya, inambidi amuulize jirani. Kiziwi naye ana shida iliyo kinyume: daladala husimama kwa anayepiga kelele "shusha!", yeye hubaki kugonga bodi na kuombea dereva asikie.

Ukitozwa nauli ya kiti au ukiachwa kituoni, kugombana na konda hakusaidii sana, kwani kesho atakuwa kwenye gari jingine. Leseni ya usafirishaji ni ya tajiri. Andika namba ya gari, ruti, kituo na saa, uipelekee LATRA au Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini. Taja kiasi ulichotozwa kwa ajili ya kiti, na kama umelipa kwa simu, tunza ujumbe wa muamala. Fedha ni rahisi kuthibitisha kuliko matusi.