Kupima Herufi kwa Nukta

Leo tutaeleza jinsi mtu ajifunzavyo hati, yaani mwandiko mzuri wa Kiarabu.

Jambo hili latuhusu. Zamani watu wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Utenzi wa Tambuka uliandikwa hivyo huko Pate mwaka 1728. Wajerumani walipotawala nchi yetu, mwanzoni walitumia herufi hizo katika barua zao, kisha wakashika herufi za Kirumi. Basi mzee aliyejua zile za kwanza tu aliweza kuhesabiwa kuwa hajui kusoma! Miswada mingi imewekwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ilichapwa mwaka 1970. Lakini orodha haisomi miswada. Wasomaji wanatakiwa.

Tuseme kijana anasoma Kiarabu chuo kikuu. Hupata sarufi, maana ya maneno na historia. Lakini mkono haufundishwi kwa maneno matupu. Yafaa jioni aketi katika chumba cha sanaa cha mtaa wake, pamoja na seremala na mama wa nyumbani, mbele ya fundi wa hati. Kazi yao ni hii:

1. Kalamu. Huchonga tete kavu, na ncha hukatwa mshazari.

2. Wino. Huchanganya masizi, gundi ya mti na maji.

3. Nukta. Ncha ikibonyezwa karatasini huacha alama ya pembe nne. Hiyo ndiyo nukta, na ndiyo rula yao. Katika mwandiko uitwao thuluth, alifu huwa na urefu wa nukta 7. Husemwa kuwa kipimo hiki kiliwekwa na Ibn Muqla wa Baghdad, aliyefariki mwaka 940.

4. Kufuatisha. Fundi huandika mstari, mwanafunzi hufuatisha chini yake, na fundi husahihisha.

Hapo msomi wa chuo kikuu na asiyejua alifu wala be huanza pamoja, maana mikono yao ni migeni sawasawa. Msomi aweza kumsomea jirani yake maana ya maneno; naye seremala aweza kumwonyesha namna ya kushika kisu.

Kazi ya juma hili: Chonga tete, uandike herufi *l* mara kumi. Pima kila moja kwa nukta za kalamu yako. Je, zote ni sawa?

Kwaherini, mpaka juma lijalo.