Kiswahili kina neno 'hodi', na tarakilishi zinalihitaji

Majuzi kijana mmoja anayeishi jirani yangu hapa Kitengela alinijia jioni akiwa na uso wa huzuni. Anasomea sayansi ya tarakilishi, mwaka wa tatu. Alikuwa ametoka kwao, upande wa Kajiado. Babake, mfugaji aliyeuza ng'ombe kadhaa ili kulipa karo, alikuwa amemuuliza mbele ya wazee wenzake: "Hebu tuambie, hasa unasomea nini?" Kijana alianza vizuri, kisha akajikuta akitaja istilahi tupu za Kiingereza. Wazee wakatabasamu, wakarudi kuzungumzia malisho.

"Prof," akaniambia, "somo hilo nilipata alama ya A. Lakini kumweleza mzee wangu nimeshindwa kabisa."

Neno lililomkwamisha ni lile ambalo wataalamu hulitamka 'haipakoli'. Mimi ni mtu wa lugha, si wa mitambo. Nilimwomba anifundishe, nikasoma, nikauliza tena. Makala haya ni matunda ya mazungumzo hayo.

Tuanzie mbali kidogo. Tarakilishi kubwa katika kituo cha data, mathalani kile cha taifa kilichoko Konza, si mbali na hapa kwetu, aghalabu haifanyi kazi ya mtu mmoja. Hugawanywa ikawa kana kwamba ni tarakilishi nyingi, na kila moja huitwa mashine pepe. Jina lenyewe lina kichekesho. Mkulima anajua kwamba pepe ni punje isiyo na kiini, maganda matupu. Lakini mashine pepe ina kiini chake: ndani yake mna mfumo endeshi kamili, uwe Linux au Windows, unaodhani u nyumbani kwake. Mfumo huo huitwa mgeni.

Chini ya wageni hao kuna programu inayowagawia kumbukumbu na zamu za kichakataji. Hiyo ndiyo haipavaiza. Zamani kiini cha mfumo endeshi kiliitwa 'supavaiza', yaani msimamizi. Ilipobuniwa programu ya kumsimamia msimamizi, kiambishi cha Kilatini kikaondolewa, kikaingizwa cha Kigiriki, na vyote viwili humaanisha 'juu ya'. Kwa Kiswahili changu nitaiita mwenyeji.

Hapa ndipo penye utata. Kiini cha mfumo endeshi kimezoea kutawala. Programu za kawaida hukiomba ruhusa, lakini chenyewe hakiombi yeyote. Sasa kimekuwa mgeni katika nyumba ya mwingine. Kitaishi vipi na mwenyeji?

Njia ya kwanza ni kumficha mgeni ukweli. Kampuni ya VMware, katika programu yake ya mwaka 1999, ilikagua amri za mgeni na kuzibadilisha kimyakimya zile zilizokuwa za hatari, naye akaendelea kujiona mwenye nyumba. Njia ya pili ni kumwambia ukweli. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha kazi yao kuhusu Xen, ambamo kiini cha mgeni hurekebishwa ili kijue kwamba ni mgeni na kiombe kinapohitaji kitu. Wazo hilo lilikuwa na mizizi ya zamani: mfumo wa VM/370 wa IBM, wa mwaka 1972, ulikuwa na amri iliyoitwa DIAGNOSE ambayo mgeni aliitumia kuzungumza na mwenyeji wake.

Kuomba huko ndiko haipakoli. Mgeni huandika nambari ya ombi lake katika rejista, yaani kijisanduku kidogo ndani ya kichakataji. Katika rejista nyingine huweka maelezo, mathalani ni ukurasa upi wa kumbukumbu anaoutaka. Kisha hutoa amri moja tu, ambayo katika vichakataji vya kisasa vya Intel huitwa VMCALL. Papo hapo mgeni husimama. Mwenyeji hushika usukani, husoma nambari, hukagua maelezo, hutenda au hukataa, kisha hurudisha jibu. Katika Xen, 0 kwa kawaida humaanisha ombi limetekelezwa, na nambari hasi humaanisha kosa.

Kusimama huko kuna gharama. Ukiwa Kitengela na una shughuli nne katika afisi za kaunti mjini Kajiado, hupandi matatu mara nne. Unabeba karatasi zote safari moja. Xen nayo humruhusu mgeni kufunganya maombi mengi na kuyawasilisha kwa mpigo.

Sasa nirudi katika uwanja wangu. Tutaliitaje tendo hili? Kijana alipendekeza 'mwito mkuu'. Nilimkatalia. Aghalabu anayeita ana mamlaka: chifu huita baraza, mzazi humwita mwana. Haipakoli ni kinyume chake. Mwombaji yuko mlangoni, hawezi kuingia, na anangoja jibu. Waswahili wana neno la hali hiyo hasa: hodi. Tena linakuja na kitenzi chake, kupiga hodi, na jibu lake, karibu. Mgeni hupiga hodi, na mwenyeji hukaribisha au hukataa.

Wapo watakaosema neno hili ni la sebuleni, halina hadhi ya kitaaluma. Lakini 'mgeni' na 'mwenyeji' za Kiingereza zilitoka wapi kama si sebuleni? Wanasayansi wao waliazima kwa majirani, sisi tunaazima kwa wanasayansi wao, na kwetu tunapita mlango bila kuchungulia. Nionavyo mimi, istilahi nzuri ni ile inayomsaidia asiyejua kukisia.

Kijana alirudi kwao Jumamosi iliyofuata akiwa na hodi yake. Jumapili usiku akanipigia simu. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akanyamaza, kisha akauliza: "Na mgeni akidanganya pale mlangoni?"

Nilimwambia kijana amjibu kwamba hilo limewahi kuwezekana. Oktoba 2015 wasimamizi wa Xen walitangaza kasoro iliyokuwa imedumu miaka 7. Mwenyeji hakuwa akikagua ipasavyo maombi fulani ya wageni kuhusu kurasa za kumbukumbu, na mgeni mwenye hila angeweza kuiteka nyumba nzima. Kasoro hiyo ilirekebishwa.

Mzee huyo hajawahi kugusa kibodi. Alilihitaji neno moja tu analolijua, akafika penyewe kwenye swali ambalo wahandisi walikawia kuliuliza.