Embe Lililopikwa Mara Mbili

Sogeeni, wanangu. Hadithi ya leo, ya biskuti za embe, inaanzia juu ya mti.

Hapa Lubumbashi maembe yana ukaidi wake: huiva mvua zikiwa zimeshaanza, Novemba na Desemba. Kwenye mitaa ya Katuba na Ruashi ndoo zinafurika, watoto wanakula mpaka viwiko vinanata, na bado mengine yanaozea chini ya mti. Kisha inafika Juni: jua kila siku, anga safi, embe hakuna. Jua na embe hawakutani.

Nkambo, bibi yangu, aliwakutanisha. Mvua zetu nyingi hushuka alasiri, basi yeye aliwahi asubuhi. Alichagua maembe yaliyoiva yasiyolegea, akayakata vipande vyembamba, akavitandaza kwenye ungo wenye kitambaa safi, akafunika chandarua kuzuia nzi. Wingu likichungulia, sote mbio, ungo ndani! Kesho tena. Jua likigoma, alimalizia kazi kando ya mbabula, jiko letu la makaa, moto ukiwa hafifu. Alijua vimekauka pale kipande kilipokunjika kama ngozi, na ukikibana hakitoi hata tone.

Mbona shida yote hiyo? Kwa sababu zaidi ya robo tatu ya uzito wa embe bivu ni maji. Ukilitia hivyohivyo kwenye biskuti, maji yanamwagika ndani ya unga, na unachotoa motoni ni kitu laini, kizito, kisichokauka katikati. Maji yakiondoka, utamu unabaki umejikusanya, na kuvu hukosa maji ya kuishi. Zabibu kavu za dukani zilipita njia hiyohiyo.

Lakini tunda kavu lina kiu. Lisiponyweshwa, litanyonya maji ya unga wako. Liloweshe katika chai ya vuguvugu dakika 10, likamue, likatekate.

Sasa ponda gramu 125 za siagi na nusu kikombe cha sukari mpaka rangi ipauke. Tia yai moja, vikombe viwili vya unga wa ngano, chumvi kidogo, kisha konzi ya embe. Usikande kama mkate. Kusanya tu donge lishikane. Tengeneza viduara, na vipande vya embe vinavyochomoza visukume ndani, kwani sukari yake huungua upesi.

Oveni? Mimina mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa nzito, unene wa vidole viwili. Weka mawe matatu madogo, juu yake sahani ya bati. Funika, weka kwenye mbabula, acha ipate moto robo saa, kisha panga viduara kwenye sahani na ufunike tena. Mtu mzima apange makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko, maana upande wa chini ndio huwahi kuungua. Fanyeni haya nje. Moshi wa makaa una sumu isiyo na harufu, inayoua watu waliolala ndani ya nyumba iliyofungwa.

Wakati mnangoja, mnaosoma Kifaransa nisaidieni: bis ni mara mbili, cuit ni iliyopikwa. Jina la biskuti limetoka huko, enzi ambazo iliokwa, kisha ikarudishwa motoni ikauke. Zetu zinaokwa mara moja tu. Embe ndilo lililopikwa mara mbili, kwanza na jua.

Dakika 20 zimepita. Yaya, wewe mkubwa wa wenzako, inua kifuniko taratibu, majivu yasimwagikie ndani. Kingo zimekuwa kahawia? Zitoe biskuti pamoja na sahani. Bado ni laini, msiziguse, zitakakamaa zikipoa.