Kutoka Visiwani hadi Rungwe: Utangulizi wa Elimu ya Jamii Ndogo

Elimu ninayokufungulia hapa inahusu jamii ndogo: watu wa eneo dogo, namna wanavyooana, wanavyorithishana mali, wanavyotawaliwa na wanavyobadilika. Huhitaji shahada ili uingie. Ikiwa umewahi kumuuliza bibi yako kwa nini zamani mke alimkwepa baba mkwe wake njiani, basi swali la fani hii umekwisha kuliuliza.

Fani yenyewe huitwa anthropolojia, yaani uchunguzi wa binadamu na maisha yake katika jamii. Ina matawi mengi. Hapa nitakaa katika tawi la jamii na utamaduni, na nitaliunganisha na historia. Neno utamaduni lisikupoteze. Kwa wanaanthropolojia halihusu ngoma na mavazi peke yake, bali kila jambo ambalo mtu hujifunza kwa kuishi na wenzake: jinsi ya kulima, kusalimia, kuzika, kugombana na kupatana.

Mbinu kuu ya fani hii ilikomaa katika visiwa vidogo vya tropiki. Kati ya 1915 na 1918 Bronisław Malinowski, mzaliwa wa Poland, aliishi katika visiwa vya Trobriand, ambavyo leo ni sehemu ya Papua Guinea Mpya. Alipiga hema kijijini, akajifunza lugha, akaandika kila siku alichokiona na kukisikia. Mbinu hiyo huitwa uchunguzi shirikishi: mtafiti hukaa na watu na kushiriki maisha yao huku akiyachunguza. Mwanafunzi wake Raymond Firth alifanya vivyo hivyo mnamo 1928 na 1929 huko Tikopia, kisiwa cha watu wapatao 1,300 katika visiwa vya Solomon.

Kwa nini visiwa? Kwa sababu katika jamii ndogo mtu mmoja anaweza kuwajua karibu watu wote, na kuona kwa macho yake jinsi ndoa inavyofungamana na shamba, na ibada na utawala. Hapo ndipo ilipopata nguvu nadharia ya uamilifu, inayosema kwamba kila desturi ina kazi inayoifanya katika kuishikilia jamii nzima.

Huenda sasa unauliza: je, kisiwa kimejitenga kweli na ulimwengu? Swali lako ni la msingi, na jibu limo katika kazi ya Malinowski mwenyewe. Kitabu chake cha 1922 kinahusu *kula* (neno la huko, si kula chakula), mfumo wa kubadilishana mapambo ya kome baina ya visiwa vingi: mikufu ilizunguka upande mmoja, bangili upande wa pili, na mabaharia walivuka bahari ili kuyafuata. Kwa hiyo bahari iliwaunganisha watu hao kuliko ilivyowatenga. Shika kanuni hii tangu sasa: mpaka wa jamii ndogo ni mlango, na mlango huo huchunguzwa kwa makini sawa na nyumba yenyewe.

Sasa twende Rungwe, nchi ya Wanyakyusa kusini-magharibi mwa Tanzania. Tazama ramani ukiwa katika mji wa Tukuyu. Kaskazini uko Mlima Rungwe, wenye karibu mita 2,960, pamoja na safu ya Poroto. Mashariki yamesimama milima ya Livingstone, upande wa Ukinga. Kusini, ukishuka kupitia Kyela, lipo Ziwa Nyasa. Magharibi kuna vilima vya Undali na Mto Songwe. Katikati ya mipaka hiyo ni udongo wa volkano na mvua nyingi, nchi ya migomba na ng'ombe. Ni kama kisiwa cha nchi kavu, na ndivyo kilivyowavutia watafiti waliofunzwa kwa mbinu ya visiwani.

Godfrey Wilson, mwanafunzi wa Malinowski, alifika Rungwe mnamo 1934, na mkewe Monica, mzaliwa wa Lovedale, Afrika Kusini, akaungana naye. Walifanya utafiti hadi 1938, wakijifunza Kinyakyusa na kutegemea mno wasaidizi wa hapahapa, miongoni mwao Leonard Mwaisumo. Godfrey alifariki mwaka 1944. Monica ndiye aliyeyageuza madaftari yao kuwa vitabu, cha kwanza kikiwa *Good Company* cha 1951.

Kitu kilichowashangaza wasomaji wa kitabu hicho ni kijiji cha rika. Rika ni kundi la watu wa umri unaokaribiana. Katika sehemu nyingi za dunia wanakijiji huwa ni ndugu wa ukoo mmoja. Hapa, kwa maelezo ya akina Wilson, wavulana wa miaka 10 au 11 waliacha kulala kwa wazazi, wakajenga vibanda vyao pembeni mwa kijiji cha baba zao. Walikula kwa mama zao, wakazunguka kwa makundi kutoka jiko hadi jiko, na waliendelea kulima mashamba ya baba zao. Walipooa, waliwaleta wake zao kijijini kwao, na kile kijiji cha watoto kikakua kuwa kijiji cha watu wazima.

Nenda polepole hapa, maana wanafunzi wengi huchanganyikiwa: je, ukoo haukuwa na maana tena? Ulikuwa nayo, tena kubwa. Tofautisha makazi na mali. Jirani walikuwa watu wa rika moja, lakini ng'ombe walipita katika ukoo, kwa ndugu na kwa watoto, na mahari ziliunganisha nyumba zilizo mbalimbali. Mtu aliishi na wenzake huku akirithi kwa ndugu zake. Ukiushika uzi huo, mengine yatafunguka.

Juu ya vijiji alikuwa malafyale, yaani chifu. Mara moja katika kila kizazi ilifanywa ubusoka, sherehe ya kuwakabidhi vijana madaraka, na kwa kawaida nchi ya chifu iligawanywa kwa wanawe wawili. Kwa hiyo machifu walizidi kuongezeka, na kila mgawanyo ulihitaji ardhi mpya.

Hapo historia inaingia. Katika miaka ya 1960 na 1970 wanazuoni kama Simon Charsley na Michael McKenny waliupima upya ushahidi, wakauliza kama mpangilio huo ulikuwa mnyoofu jinsi ulivyoelezwa. Monica Wilson naye, katika kitabu chake cha 1977, alifuatilia mabadiliko ya vizazi tangu 1875 hadi 1971. Ardhi ilipopungua na kahawa ikaifanya iwe na thamani ya fedha, vijana hawakuwa tena na mahali pa kuanzisha vijiji vyao. Desturi ambayo uamilifu uliieleza kana kwamba haina umri, kumbe ilikuwa na wakati wake na masharti yake.

Na milango ilikuwa wazi tangu zamani. Majembe ya chuma yalitoka Ukinga. Heshima ya Lwembe, mtawala wa ibada wa Lubaga, ilivuka mipaka ya machifu wengi. Mwaka 1891 wamisionari wa kanisa la Moravian na wa misheni ya Berlin walifika. Kisha Wajerumani wakaifanya Tukuyu makao ya utawala kwa jina la Neu Langenburg. Miaka ya 1930 vijana walikwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ikafuta mamlaka ya machifu.

Anza basi na ulicho nacho. Chora ramani ya kitongoji chako: nani anaishi jirani na nani, na je, ni ndugu, marafiki, au waumini wa kanisa moja? Uliza shamba lilipatikanaje, na ng'ombe wa mahari walitoka wapi. Kisha uliza nani aliondoka, alikwenda wapi, na alirudi na nini. Andika majibu pamoja na tarehe, hata yakipingana. Yanapopingana ndipo uchunguzi unapoanza. Vitabu nilivyovitaja viliandikwa kwa Kiingereza na watu waliofika kama wageni. Wewe unayeijua lugha ya nyumbani unaweza kuyasahihisha, kuyajaza na kuyaendeleza waliyoyaandika, na fani hii inakuhitaji kwa kazi hiyo.